Kilwa Ni Mbali Kiasi Gani?

Ukiuliza Kilwa ni mbali kiasi gani na Dar es Salaam, utapewa majibu zaidi ya moja, na yote ni ya kweli.

Tuanze na jibu la ndege. Twaa ramani na rula, uchore mstari kutoka Dar es Salaam hadi kiwanja kidogo cha ndege cha Kilwa Masoko. Utapata yapata kilometa 230. Ndege ndogo iendayo kilometa 300 kwa saa huumaliza mwendo huo kabla saa moja haijatimia. Ndege haijui tope wala mto.

Jibu la pili ni la basi. Barabara hupita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, huvuka Mto Rufiji, hushuka Somanga mpaka njia panda ya Nangurukuru, ndipo hugeuka kuelekea Masoko. Kwa mazunguko hayo kilometa huzidi 300. Kwa wastani wa kilometa 60 kwa saa, ni saa tano na zaidi. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, watu walivuka Rufiji kwa kivuko, na mto ukifurika walilala ukingoni wakingoja. Hata sasa mvua haijashindwa. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara pande za Somanga, na magari yakakwama. Kilometa hazikuongezeka hata moja, lakini Kilwa na Lindi zilikuwa mbali kweli kweli.

Jibu la tatu ni la jahazi, nalo ndilo lililoijenga Kilwa Kisiwani. Mabaharia wa kale walihesabu pepo. Kaskazi, inayovuma kuanzia karibu na Desemba, iliwaleta kutoka Arabuni. Kusi, kuanzia Aprili hivi, iliwarudisha. Aliyeishia Kilwa aliweza kuiwahi kusi na kurudi kwao. Aliyeendelea mpaka Sofala ya Msumbiji, zaidi ya kilometa 1,300 kusini, palipopatikana dhahabu, aliweza kukosa upepo wa kurudia, akangoja msimu mwingine. Basi wageni wengi waliishia Kilwa, na dhahabu ikaletwa hapo. Ndivyo mji ulivyotajirika, hata Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 akausifu kwa uzuri wake.

Waona, msomaji, umbali wa ramani haubadiliki, bali umbali wa safari hubadilika kila msimu. Kwa hiyo mwenye mgonjwa nyumbani asijifariji kwa kusema, "Hospitali iko kilometa 40 tu." Aulize kwanza: mto umejaa? Gari lipo? Litachukua saa ngapi? Na mama anayetazamia kujifungua wakati wa masika ahamie mapema kwa ndugu walio karibu na hospitali, kabla njia haijakatika. Mabaharia walijua kuwa upepo haumngoji mtu; nasi tujue hivyo hivyo juu ya mvua.