Miguu ya Kwale Isitupwe Mapema

Bigwa, Morogoro

Mpwa mpendwa,

Salamu zimefika, na picha nayo imefika. Mjomba wako aliitazama akiwa chini ya mwembe, akaikuza kwa vidole viwili kama wajukuu walivyomfundisha, akamwona kanga amelala kwenye sinia, mwekundu, hana ngozi hata ya dawa. Swali lilikuwa moja tu: kwa nini nyama ilitoka kavu kama gome? Jibu litakuwa refu kuliko swali. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akinyamaza huwa kuna watu wanaomuuliza sababu.

Kosa halikuwa kumchuna. Kosa lilikuwa kumchuna, kisha kumpeleka kwenye mkaa.

Kanga wa porini ana kilo moja na robo, moja na nusu akinenepa, na karibu mwili wote ni misuli ya kukimbia. Kuku wa kisasa ana mafuta mpaka ndani ya tumbo. Kanga mafuta yake machache yamejificha chini ya ngozi. Ngozi ikiondoka, moto unakutana na nyama tupu, na maji yake yanaisha kabla kidari hakijaiva sawasawa. Anayetaka kuchoma hana budi kunyonyoa. Wa mchuzi anaweza kuchuna bila majuto, kwa sababu tui la nazi linarudisha mafuta yaliyotupwa na ngozi.

Kunyonyoa kunaogopwa na vijana kwa sababu kunachukua muda, na mjomba hawalaumu. Mwenyewe aliwahi, akiwa na haraka ya wageni, kumtumbukiza kwale kwenye maji yanayotokota. Alipovuta manyoya ya kwanza, ngozi ya kidari ilimfuata mkononi kama shati lililolowa, na wageni wakala mchuzi waliodhani ndio uliokusudiwa. Maji yanayofaa ni ya nyuzi 60 hadi 65 hivi. Asiye na kipimajoto aangalie sufuria: mvuke unafuka, vipovu vidogo vimeshika pembeni, lakini maji hayajaanza kuruka. Ndege anazamishwa nusu dakika, anageuzwageuzwa, kisha unajaribiwa unyoya mmoja wa bawa. Ukitoka bila ubishi, inatosha. Bata maji ni habari nyingine. Manyoya yake yana mafuta yanayosukuma maji, naye hukaa ndani zaidi.

Walio na subira hunyonyoa pakavu, ndege akiwa bado na joto lake. Manyoya machache kwa mkupuo, kufuata yalivyolala, mkono wa pili umebana ngozi ya kidari, maana hapo ndipo inapochanika. Mwisho ni kubabua juu ya moto wa majani makavu ili malaika waishe.

Hapa Bigwa kazi hiyo haingoji kesho. Huko Uingereza ndege wa mawindo huning'inizwa siku kadhaa, manyoya yote mwilini, nyama ilainike. Wana baridi ya kuwasaidia. Joto la bonde la Morogoro halimpi mtu nafasi hiyo: utumbo unatolewa saa ileile, na nyama inapozwa.

Kuna siku ambapo kuchuna si uvivu hata kidogo. Ndege aliyepigwa marisau hubeba ndani ya nyama vipande vya manyoya vilivyosukumwa na risasi, na damu iliyoganda chini ya ngozi. Ukimchuna, kila tundu linaonekana, na marisau ya risasi nyeusi yanatolewa kwa ncha ya kisu kabla hayajakutana na jino la mtoto. Ndege kikongwe naye achunwe tu. Kwale dume hujulikana kwa kipi cha mguuni: kifupi na butu ni kijana, kirefu na chenye ncha ni babu, na babu hachomwi. Anachemshwa taratibu mchana kutwa.

Kabla ya yote hayo, gole lifunguliwe. Punje za mtama au mahindi ya kawaida hazina neno. Punje zenye rangi ya waridi ni mbegu iliyotiwa dawa, na ndege huyo anafukiwa. Vivyo hivyo kwa ndege waliookotwa shambani baada ya ndege ya serikali kupuliza dawa ya kuua kweleakwelea. Fenthioni, sumu inayotumika, hupenya mwilini. Haiondoki kwa kunyonyoa, haiondoki kwa kuchuna, haiondoki kwa kukaanga. Kwelea mmoja ana gramu 20 hivi. Ni tonge la bei mbaya.

Sasa jambo lililomsumbua mjomba kwenye picha ile: kanga hakuwa na miguu wala kichwa. Mwaka 1991, milimani Udzungwa, kati ya Morogoro na Iringa, watafiti waliona ndani ya chungu cha kambini miguu ya ndege wasiyemfahamu. Walimfuatilia, na mwaka 1994 akatangazwa rasmi kuwa kwale mpya kwa sayansi, ambaye ndugu zake wa karibu wako Asia, si Afrika. Baadaye ndugu yake alitambuliwa kwenye milima ya Rubeho, naye akaandikwa mwaka 2003. Mpishi wa kambi ile angekuwa na mazoea ya kukata miguu na kuirusha kichakani, habari hiyo ingechelewa nani anajua kwa muda gani.

Milima iliyo nyuma ya nyumba yetu nayo ina ndege wasiopatikana kokote duniani ila Uluguru. Msitu wake wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 2008, na huko hakuna wa kunyonyolewa wala wa kuchunwa. Kwingine, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 inataka leseni, na askari akikukuta na nyama isiyo na miguu, manyoya wala kichwa, atajuaje kwamba ni kanga wa halali na si kitu kingine?

Basi ukija Desemba, mlete ndege mzima, na leseni ikiwa mfukoni, si kwenye simu iliyoishiwa chaji. Shangazi yako ameshaweka nazi mbili. Sufuria kubwa ipo, ila kifuniko chake kiliazimwa na jirani tangu msiba wa Februari.

Mjomba wako