Maziwa ya bibi na kidonge cha mjukuu

Dada yangu alipoambiwa kuwa uvimbe wa shingoni mwa mwanawe ni kifua kikuu cha tezi, alinipigia simu akilia. Mtoto ana miaka 4, hakohoi, anacheza vizuri tu. Mimi mama mdogo ndiye mwandishi wa afya wa ukoo, basi nikatakiwa niwe na majibu.

Nilipofika nyumbani Ikungi, Singida, alinionyesha vidonge vya kuyeyusha kwenye maji. Kimoja kina dawa 3. "Nesi kasema baada ya miezi 2 moja inaondolewa, zinabaki 2 kwa miezi 4. Kwa nini?"

Inayoondolewa ni pirazinamidi, na kazi yake kubwa ni ya mwanzo wa tiba. Dawa hii humezwa ikiwa haijaiva, kijidudu chenyewe ndicho kinachoiivisha. Kina kimeng'enya kinachotumia maji kukata kifungo cha amaidi ndani ya dawa. Kinachobaki ni asidi, nayo hukidhuru humo humo. Yaani kinajipikia sumu! Miaka ya 1970 wagonjwa wa Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia walishiriki majaribio yaliyoonyesha kuwa dawa hii inasaidia kufupisha tiba hadi miezi 6.

Na kijidudu ambacho kimeng'enya hicho hakifanyi kazi? Nikageuka kumtazama mama, aliyekuwa akimimina maziwa kutoka kwenye kibuyu.

Kifua kikuu cha ng'ombe hupitia maziwa mabichi, na mara nyingi hukaa kwenye tezi za shingo. Kwa asili yake, kimeng'enya cha kijidudu hicho ni kibovu, hivyo pirazinamidi haikiwezi. Kipimo cha vinasaba cha hospitalini husema TB ipo, hakisemi ni ya mtu au ya ng'ombe.

"Mama, haya umeyachemsha?"

"Ninyi wote mmekulia haya haya. Nani alikufa?"

Nilimeza mate. Nikamwambia kugandisha pekee hakutoshi, yachemke kwanza. Akasema yaliyochemshwa hayagandi. Yanaganda, Mama: yakipoa, tia kijiko cha mtindi wa dukani, si mgando wa jana wa maziwa mabichi.

Dada alimweleza daktari habari ya maziwa. Akaambiwa waendelee na dozi, ila mtoto afuatiliwe kwa karibu. Sasa ni mwezi wa 3 na tezi imepungua. Mama anachemsha ya mjukuu. Yake mwenyewe, dada ananiambia, bado anakunywa mabichi nikishaondoka.