A Ni A Tu

Kiswahili hakina Q wala X. Kwa wengi hilo ni swali la chemshabongo tu. Kwetu nyumbani ni herufi mbili ambazo mdogo wangu hakulazimika kubeba.

Kitindamimba wetu ana miaka saba na ana usonji. Alipofika miaka minne hakuwa amewahi kusema "mama", lakini konda wa Umoja alimuiga mpaka mwisho: "Tao hamsini! Tao hamsini!" Haraka ile ile, sauti ile ile ya kukwaruza, hadi kugonga ukuta kama bati la mathree. Majirani walicheka. Lakini ukimwangalia vizuri, alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni, viatu mkononi. Hakuwa kasuku. Alikuwa anasema "twende nje" kwa maneno aliyokuwa nayo.

Jina usonji tulilipata kwenye kituo cha serikali cha kutathmini watoto, vile vituo vilivyoanza nchini mwaka 1984. Chekechea moja mtaani walikaa naye asubuhi moja tu, wakatuambia tumrudishe akijua kuongea na kutulia. Mama anafanya kazi ya usiku; akirudi analala hadi saa sita. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na natuma maombi ya kazi ambayo hayajibiwi. Basi mwalimu akawa mimi. Si wito. Ni vile nilikuwa nyumbani.

Shosho alisema kwa simu, "Mwacheni mtoto akue kwanza." Mama alikuwa na hofu yake, na aliitoa mara moja tu, akiosha vyombo: "Siku mimi sipo, akiumwa atamwambia nani?" Hapo nikajua kazi yangu si irabu. Ni kumtafutia mlango.

Chati tuliyopewa na jirani ilikuwa ya Kiingereza. Sasa fikiria mtoto ambaye ukimbadilishia kikombe chake cha bluu, siku imeisha. Utamwambiaje kwamba A ya "apple" si A ya "cake", na zote mbili si A ya "father"? Niliitoa ukutani siku ya pili. Nikaandika a, e, i, o, u. Kwa Kiswahili A ni A tu. Ni A kwa baba, ni A kwa sahani, ni A kwa Mombasa. Haiji leo na sauti hii, kesho na ile. Watu husema watoto kama yeye ni wagumu, hawapendi mabadiliko. Kumbe kuna lugha nzima yenye irabu zisizopenda mabadiliko pia, na ndiyo tunayoongea kila siku.

Somo lilikuwa dakika tano. Ukutani nilibandika picha mbili: herufi, kisha matatu. Kwanza hii, halafu ile. Tukimaliza, tunaenda steji kuangalia magari, hata kama mvua inanyesha. Ahadi ni ahadi.

Herufi za kugusa nilizikata kwa msasa, ule wa fundi wa mbao. Wazo si langu. Maria Montessori, daktari wa Italia, alifanya kazi na watoto walioonekana hawafundishiki kabla ya kufungua shule yake ya kwanza Roma mwaka 1907, na herufi za msasa zilikuwa kati ya vifaa vyake. Mdogo wangu hapendi kuguswa, lakini S ya msasa aliipitisha kidole mara thelathini, akifuata kona zake kama gari.

Neno la kwanza alilisoma jikoni, kwa pakiti ya sabuni: O-M-O. Ni fupi, na ukilianza upande wowote linabaki lile lile. Shida ilikuja alipoipindua pakiti. Kikombe ukikipindua bado ni kikombe. Kiatu ukikigeuza ni kiatu. Lakini M ukiipindua ni W, na b ukiigeuza ni d. Alilia karibu saa nzima, na kusema kweli alikuwa na hoja. Nikaokota vizibo vya soda dukani, nikaandika herufi moja moja kwa rangi ya kucha ya Mama, na chini ya kila herufi nikachora mstari. Mstari ukiwa chini, herufi imesimama vizuri. Sheria moja, haibadiliki. Akatulia.

Baadaye silabi: ma, me, mi, mo, mu. Miezi ikapita. Nilianza kuhesabu wiki kwa silabi.

Usiku mmoja, Mama akiwa hayuko kazini, aliamka akaanza kujipiga kichwa kwa kiganja. Tulijaribu kila kitu: maziwa, taa, wimbo, kimya. Kisha akaenda kwenye kopo la vizibo, akalimwaga sakafuni. Akapanga S, I, K. Akakosa I ya pili, akaitafuta mpaka chini ya kiti, akiendelea kulia. Akaipata. Akaweka O.

Mama alisoma kwa sauti, polepole, kama yeye ndiye anajifunza: "Si-ki-o."

Asubuhi daktari alimulika ndani ya sikio la kushoto, akaandika dawa. Alikuwa na maambukizi, tena si ya jana. Mama alikaa kwenye benchi la foleni ya dawa akishika kile kizibo cha O. Hakusema kitu. Swali lake la vyombo sijalisikia tena.

Si kwamba mambo yameisha. Shule bado tunatafuta. Kuongea, bado ni konda na matangazo ya redio. Kuna siku vizibo havitoki kwenye kopo kabisa, na siku hizo tunaenda steji tu.

Ila sasa tumefika kwa ng'ombe, na amekataa katakata kumwandika bila ritifaa. Hatukuwa na kizibo cha ritifaa. Akaenda jikoni akaleta punje moja ya mchele, akaiweka hapo juu, mahali pake. Nikipita na upepo wa leso ukaihamisha, ananirudisha niiweke sawa.