Macho Yamefika, Akili Je?



Kwala, tunakokwenda kwa utume, inabadilika haraka. Bandari kavu na reli ya SGR zimeleta makontena, kreni na vijana wanaotafuta ufundi. Nao wanatuuliza: je, miwani ya uhalisia pepe, inayomwingiza mtu ndani ya picha kana kwamba yupo pale, itawafundisha upesi kuliko mwalimu?

Swali ni zito, maana linagusa riziki yao. Mwaka 2019 Guido Makransky na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha wanafunzi 52 wa chuo kikuu. Walipojifunza kazi za maabara kwa miwani hiyo, walijiona wapo mahali pale kuliko walipotumia kompyuta ya kawaida; lakini walijifunza kidogo zaidi. Vipimo vya ubongo vilionyesha akili imeelemewa.

Sisi wa falsafa tulishaonywa na Mtakatifu Augustino. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo anasimulia jinsi hata mjusi anayenasa nzi alivyoyateka mawazo yake. Macho huvutwa, usikivu wa akili hutolewa na mtu mwenyewe.

Hatuikatai miwani. Anayejifunza kreni ni heri agonge kontena la kwenye picha kuliko kumgonga mtu. Ila akishaivua, aeleze kwa maneno yake alichokiona, aulizwe, arudie. Hapo ndipo mwalimu anapohitajika.

Hata kwenye Misa ni hivyo: kufika kanisani ni mwanzo, moyo nao sharti ufike.