Yaliyo Nyuma ya Picha

Mke wa sajini mmoja wa polisi alitaka picha ya jamaa yake itundikwe ukutani kabla mumewe hajarudi kutoka zamu ya mpakani. Ilikuwa picha njema: baba amevaa sare iliyonyooshwa kwa pasi, mama ameketi na mtoto mchanga, na watoto wawili wamesimama kando. Lakini nyuma yao ilionekana kamba ya nguo, ndoo iliyopinduka, na kivuli katika mlango wa nyumba ya kambini. Akaipeleka kwa mpiga picha mzee, akamwomba afute yote hayo, pabaki peupe.

Ombi hilo si geni. Zamani fundi alipaka juu ya filamu rangi nzito isiyopitisha nuru, akiwazunguka watu kwa uangalifu. Mahali palipopakwa palitoka peupe katika karatasi. Siku hizi kompyuta huazima rangi za jirani na kuziba pengo kwa muda mfupi. Wengine waliikwepa taabu hiyo tangu mwanzo. Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako, Mali, mwaka 1948, aliwasimamisha wateja mbele ya shuka la kitanda chake. Kila baada ya miaka michache alibadili kitambaa, na baadaye kitambaa hicho kilimwezesha kukumbuka picha ilipigwa lini. Hivyo hata kile kilichowekwa ili kuficha kiligeuka kuwa ushahidi.

Mzee yule hakuanza kazi mara moja. Aliikuza picha, kisha akauliza, “Mama, huyu aliye mlangoni ni nani?”

Mama akainama kutazama. Hakikuwa kivuli. Alikuwa mama mkwe wake, ambaye siku ile alikataa kupigwa picha kwa kuwa hakuwa amevaa nguo ya heshima, akajitenga ndani. Alifariki miezi michache baadaye, wala hakuacha picha nyingine.

“Basi mlango uache,” alisema baada ya kimya.

“Na kamba?”

“Iache pia. Leso ile iliyoanikwa ni yake.”

Askari huhamishwa, na nyumba aliyoishi leo kesho hukaa mwingine. Watoto hukua wasikumbuke mlango wala ua walimochezea. Kwa hiyo kabla ya kufuta kitu, inafaa jamaa waketi pamoja wakiulizane kila kilichomo. Picha ya asili ihifadhiwe bila kuguswa, kazi ifanywe juu ya nakala, na majina pamoja na mwaka yaandikwe nyuma kwa penseli laini.

Sajini aliporudi aliikuta picha ukutani. Hakuitazama sare yake. Alisogea karibu, akaweka kidole penye mlango, akawaita watoto waje wamwone bibi yao.

Ndoo peke yake ndiyo iliyoondolewa.