Viziada Lugha Mpakani: Ishara za Busia na Malaba

Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Hata hivyo, miji ya Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, yafunza kwamba kutazama ni jambo moja na kuelewa ni jambo jingine. Hapa hukutana Wakhayo, Wasamia, Wateso, Waganda, Wasoga na madereva wa malori watokao Mombasa. Kiswahili huwaunganisha sokoni, lakini viungo vya miili yao havikusomea darasa moja.

Tuchukue mfano wa nyusi. Nchini Uganda, mtu anayeulizwa swali huweza kuinua nyusi mara moja pasi na kutamka neno; amekwisha kusema ndiyo. Mnunuzi Mkenya asiyelijua hilo, akiuliza iwapo bei aliyoitaja ya gunia la mahindi imekubaliwa, huona kimya tu. Hurudia swali, naye muuzaji huinua nyusi tena. Mnunuzi huongeza bei, au huondoka akiamini amedharauliwa, ilhali mapatano yalikuwa yamekamilika. Ishara isiyoeleweka hulipiwa kwa shilingi.

Heshima nayo ina sarufi yake. Mwanamke wa Kiganda au wa Kisoga aliyelelewa kimila hupiga magoti amwamkiapo mkubwa wake. Mgeni huweza kulifasiri tendo hilo kuwa unyonge, kumbe ni adabu. Kwa upande mwingine, kuushika mkono wa kulia kwa wa kushoto wakati wa kupokea kitu ni heshima inayofahamika pande zote mbili. Vivyo hivyo, kumwita mtu mzima kwa kidole kimoja ni utovu wa adabu. Mwungwana hukielekeza kiganja chini na kukunja vidole vyote. Mpaka wa wakoloni haukuzikata ishara hizi, kama ambavyo haukuukata udugu wa Wasamia wala wa Wateso.

Siasa huzipa ishara maana mpya. Kabla ya uchaguzi wa Desemba 1992 nchini Kenya, kidole kimoja kilichoinuliwa kilimtambulisha mfuasi wa KANU, na viwili vikamtambulisha mtetezi wa vyama vingi. Nchini Uganda, dole gumba ni ishara ya chama cha NRM. Kwa hiyo, msafiri anayevuka Mto Malaba wakati wa kampeni na kuinua dole gumba kusema "sawa" aweza kudhaniwa amepiga debe.

Neno bodaboda lilizaliwa kwenye mpaka huu likaenea Afrika Mashariki nzima; ishara hazisafiri kwa wepesi huo. Tangu mwaka 2018 kilipozinduliwa rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, hati za msafiri hukaguliwa na maafisa wa nchi zote mbili mahali pamoja. Hakuna dawati linalokagua nyusi.

Darasani, mambo haya huitwa viziada lugha, istilahi inayoweza kuwapotosha wanafunzi wakadhani kuwa ni nyongeza tu juu ya maneno. Nyusi za muuzaji wa Busia haziongezi chochote juu ya neno, kwa maana neno halikuwapo. Zenyewe ni sentensi kamili. Mwalimu wa Kiswahili anayeandaa wakalimani, wauguzi au maafisa wa forodha wa eneo hili hana budi kuzifundisha hivyo.