Seneca na Karamu ya Atreus

Kwa miaka mingi niliwafundisha wanafunzi kwamba tanzia za Seneca ni kishindo cha maneno tu. Nakiri kwamba nilikosea. Katika Thyestes, Atreus anamwandalia nduguye karamu ya nyama ya wana wa nduguye huyo. Uchinjaji wenyewe twausikia kwa mjumbe. Jasper Heywood aliitafsiri tanzia hiyo kwa Kiingereza mwaka wa 1560. Baadaye, katika Titus Andronicus, Shakespeare aliandaa karamu ya namna hiyo, ila uchinjaji akauleta jukwaani. Niliposikia kishindo, nilisahau ni nani asemaye: Seneca alimfunza Nero, na mwaka wa 65 B.K. Nero huyo akamwamuru ajiue. Alikiandika kitisho alichoketi nacho meza moja.